Kisanduku cha Nne

Zamu yangu huanza saa nne usiku,
Duluth imejikunyata kando ya ziwa lake,
theluji imefunika namba za magari.
Navaa kisikizi. Mbele yangu fomu,
na juu ya fomu visanduku:
kupigwa. Kuchezewa mwili. Kuumizwa moyo. Kutotunzwa.
Hicho cha nne mdomo wake mpana kama wa gunia.
Humo huingia njaa, chawa, jino lililooza,
mama asiyeamka,
na chochote kile tusichokijulia jina.

Saa tano na robo, sauti ya mzee:
Orrin Skoglund, dereva wa basi la shule.
Hakupata usingizi, asema,
kwa sababu ya viatu.
Mtoto wa kituo cha mwisho, Casper Dufault, miaka saba,
huja na raba zenye matundu
na soksi za mama yake,
nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Nauliza ninayotakiwa kuuliza:
Je, mtoto yumo hatarini sasa hivi?
"Sasa hivi?" Akafikiri. "Sasa hivi amelala, natumaini."

Sina kisanduku cha natumaini.

Rangi zetu ni tatu.
Nyekundu: mtu atoke kabla ya kesho kama hii.
Njano: siku tano.
Nyeupe: isikilizwe, iandikwe, ilazwe.
Ya nyeupe twasema haikuvuka kizingiti,
kana kwamba taarifa ina miguu,
kana kwamba haikusimama nje mlangoni
imevaa raba zenye matundu.

Kompyuta yaniambia jina hili limewahi kupita.
Mara ya kwanza, nyeupe.
Mara ya pili, haikuthibitika.
Jirani aliyepiga alisoma neno hilo akajiona mwongo;
mama alilisoma akajiona msafi.
Sisi tulioliandika twajua maana yake:
tulibisha hodi mara mbili,
mbwa akabweka,
tukarudi garini.

Mama ni Renae. Hufua mashuka ya hospitali usiku,
na umeme wao ulikatwa kabla ya Krismasi.
Sheria yasema ufukara si kosa.
Ukurasa wa tatu waniuliza kama nyumba ina joto.

Dalili ya mvua ni mawingu, najua,
lakini msimamizi wangu Lorna hataki mawingu,
ataka kuona nani amelowa.
Nikasogeza kishale. Nyeupe. Njano. Nyeupe.
Nikiipa njano, naupeleka mlango wa Renae mtu mwenye kalamu,
na kalamu haijui kupasha chumba joto.
Nikiipa nyeupe, basi mimi nimelala
na Skoglund yu macho.

Nikaipa njano.
Sitadai ilikuwa busara. Chai yangu ilikuwa imepoa.

Siku ya tano Anselm akaenda, akarudi, akaandika:
umeme upo; mikate miwili; mtoto anacheka.
Viatu vya theluji, vipya, vimezidi saizi mbili,
vidoleni pamesokotwa gazeti.
Alipoulizwa nani kavinunua, mtoto akasema: basi.
Anselm akaliandika hivyohivyo, basi,
kisha chini yake: hitaji limetimizwa. Faili limefungwa.

Na katika hesabu za mwaka
atakuwa mmoja kati ya waliotazamwa
wakaonekana hawana neno.

Juma lililofuata mzee akapiga tena.
Hakuwa na taarifa.
"Mlikwenda?"
Siruhusiwi kusema, nikamwambia, ni siri ya faili.
Akanyamaza. Nikasikia redio nyuma yake
ikitangaza shule zitakazofungwa kwa barafu.
"Sawa," akasema.
"Saizi nilikisia tu.
Huwezi kumpima mtoto mguu
kwa kioo cha dereva."

Nilikuwa nimeshashika kalamu.
Nikatafuta pa kuliandika hilo,
juu, chini, pembeni,
hata taa ya simu nyingine ikawaka.